Ukweli wa Baba Pacha

Baba Pacha alimtangazia mkewe habari hiyo Jumamosi asubuhi, kikombe cha chai mkononi, sauti ameishusha kama mtu anayesoma tanzia redioni.

"Mke wangu, nimegundua jambo. Miaka yote hii nimekuwa nikiishi maisha ya mtu mwingine."

Mama Pacha alikuwa anapaka siagi kwenye mkate. Hakuinua macho.

"Ya nani? Tumtafute tumwombe radhi, maana umemchakazia."

Baba Pacha akafumba macho, akavuta pumzi ndefu kwa pua, akaishikilia, kisha akaitoa taratibu. Ndivyo alivyofundishwa.

"Kocha alituonya. Alisema wa kwanza kukukejeli atakuwa yule unayelala naye kitanda kimoja."

"Kocha wa timu gani?"

"Kocha wa maisha."

"Na wewe anakuchezesha namba ngapi?"

Baba Pacha akainuka na kikombe chake, akaenda kumalizia chai uani, karibu na kamba ya nguo, ambako hakuna wa kumjibu.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini na minne, mkuu wa masjala katika idara ya maji, mtu ambaye maisha yake yote alikuwa hakosi basi la saa moja na hakosi kulalamika kuhusu chumvi. Kisha mfanyakazi mwenzake akamchukua kwenye semina. Ilikuwa inafanyika kila Jumamosi katika ukumbi ulio juu ya duka la samani, na ilikuwa na jina: Zindua Kusudi Lako. Alirudi kutoka kikao cha kwanza na daftari lenye picha ya jua kwenye jalada, na ukurasa wa kwanza ameandika kwa mwandiko wake mzuri wa kikarani: *Mimi ni nani?* Chini yake hakuandika kitu. Mama Pacha alilichungulia daftari hilo wiki mbili mfululizo, na wiki zote mbili swali lilikuwa bado liko peke yake.

Yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza swali hilo, labda kwa sababu hakupata nafasi. Alikuwa fundi wa meno ya bandia. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akifanya kazi katika chumba chembamba nyuma ya zahanati ya daktari wa meno, dirisha moja, meza iliyoungua pembeni kwa moto wa gesi, na rafu zilizojaa vinywa vya watu vilivyomiminwa kwa plasta nyeupe, kila kimoja kimebandikwa namba. Hakuna sauti iliyomwita kwenye kazi hiyo. Alikuwa ameomba kusomea uuguzi, nafasi zikawa zimejaa, na karani wa chuo akamwuliza bila hata kuinua kalamu, "Kuna nafasi ya meno. Unaenda au unarudi nyumbani?" Alikwenda. Kama mtu angemwuliza kusudi la maisha yake, angejibu kwamba la leo ni taya la chini la yule dereva mstaafu anayelalamika kwamba nyama inampiga chenga mdomoni.

Basi alimtazama mumewe akijitafuta, na hakuficha kwamba anamcheka.

Kwanza alifuga ndevu, zikaota vipande vipande. Kisha akavua saa, kwa kuwa Kocha alisema saa ni pingu, na tangu siku hiyo akawa anamwuliza mkewe saa ngapi kila baada ya nusu saa. Kisha akaacha salamu za uongo. Jirani alitoka asubuhi na mfuko wa taka mkononi, akamsalimu kama watu wanavyosalimiana: "Habari za asubuhi, Baba Pacha?"

"Si nzuri," akajibu Baba Pacha. "Nina utupu ndani."

Jirani wa watu akasimama pale kuusikiliza utupu huo kwa dakika ishirini, huku mfuko ukimvujia viatuni.

Hayo yalikuwa ya kucheka. Yaliyofuata hayakuwa. Aliwapigia simu wale pacha, vijana wakubwa wanaojitegemea, kila mmoja na mji wake, akawaambia kwamba anataka kuwa mkweli nao: hakuwa tayari kuitwa baba siku walipozaliwa, alisukumwa tu na watu. Mmoja akakata simu. Mwingine akampigia mama yake kuuliza kama baba anaumwa.

"Nimewaambia ukweli wangu," alisema Baba Pacha. "Nimejisikia mwepesi."

"Wewe ndiyo umejisikia mwepesi. Mzigo umewatwisha wao."

Hilo ndilo lililomkera Mama Pacha kuliko ndevu na daftari. Huo ukweli wa mumewe kila ulipotoka ulimwangukia mtu mwingine mguuni. Yeye mwenyewe haukumgusa hata ukucha.

Mwezi wa tatu wa semina, Baba Pacha aliandika barua ya kuacha kazi. Alimsomea mkewe akiwa amesimama, mkono mmoja kifuani. Barua ilisema kwamba anafunga jalada la zamani ili afungue jalada jipya la nafsi yake.

"Hata kuacha masjala unaacha kwa majalada," alisema Mama Pacha, akacheka mpaka akashika meza. Baba Pacha akaikunja barua mara nne, akaitia mfukoni, na Jumatatu akaenda kuipeleka.

Wifi yake Mama Pacha akaja siku ya pili yake. Huyu alikuwa dada mkubwa wa Baba Pacha, mwanamke mwenye mkoba mkubwa na hasira ndogondogo, ambaye alikuwa amemlea mdogo wake huyo na hakuwahi kuamini kwamba amekwisha kukua.

"Wifi, mwache mdogo wangu apumue."

"Kwani nimemshika pua?"

"Una maneno wewe. Maneno yako yanachubua."

"Nimeishi naye miaka ishirini na saba, wifi. Angekuwa mtu wa kuchubuka sasa hivi ningekuwa nimebaki na mifupa."

Wifi hakucheka. "Jumamosi wanafunga semina. Familia zimealikwa, na mdogo wangu ndiye atakayetoa ushuhuda. Njoo. Kaa kimya siku moja tu. Je, utaweza?"

Mama Pacha akasema ataweza. Kweli aliamini hivyo.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Viti vya plastiki, feni mbili, maua ya kitambaa jukwaani, na nyuma yake bango kubwa la Kocha akiwa amefumbata mikono na kutabasamu. Harufu ya vanishi ilipanda kutoka dukani chini. Mama Pacha alikaa safu ya nne na wifi yake, akaweka mkoba magotini, akabana midomo.

Kocha aliingia kwa makofi. Alikuwa mtu wa umri wa makamo, shati jeupe lisilo na kola, hatua za pole, sauti ya asali. Hakuwa mjinga; hilo Mama Pacha alimkubalia. Alijua kunyamaza pale panapofaa, na alijua kumtazama mtu mmoja huku anazungumza na mia mbili. Alisema kwamba wengi wetu ni maiti wanaotembea. Watu wakaitikia kwa furaha, kama walioambiwa kwamba wamefaulu mtihani.

"Leo," akasema Kocha, "kila mmoja avue cha bandia alichonacho. Sitaki maneno. Vua, inua juu, tuone!"

Wakaanza kwa aibu, kisha kwa mashindano. Wigi zikainuliwa. Kope za kubandika zikabanduliwa. Bwana mmoja akavua viatu vyenye kisigino kirefu cha ndani, akabaki mfupi na mwenye fahari. Watu wakapiga vigelegele. Wifi akavua hereni, akaziinua, japo zilikuwa za dhahabu ya kweli.

Ndipo bibi mmoja aliyekaa mbele, aliyeletwa na mjukuu wake, akaona na yeye asibaki nyuma. Akaingiza vidole mdomoni, akatoa meno, ya juu na ya chini, akayainua kwenye kiganja.

Ukumbi ukalipuka. "Simama, mama!" alisema Kocha. "Geuka wakuone! Huu ndio uhuru!"

Bibi akageuka. Mashavu yalikuwa yamemwingia ndani, kidevu kimepanda kuelekea puani, na midomo inatafuta pa kushika. Alijaribu kusema kitu. Kilichotoka ni upepo na mate. Wakampigia makofi hata hivyo, na yeye akatabasamu tabasamu lisilo na mahali pa kukaa, huku mkono mmoja ukipanda kujifunika, na Kocha kutoka jukwaani akasema, "Usifiche, mama, usifiche!"

Mama Pacha alijikuta amesimama. Wifi akamshika gauni; gauni likamponyoka. Akapita kati ya magoti ya watu mpaka safu ya mbele, akafungua mkoba, akatoa chupa ya maji na leso safi.

"Rudisha mdomoni, mama," alisema kwa sauti ya chini, ile anayotumia kazini. "Yakikauka yatakuchubua. Ngoja niyalowanishe. Haya ya juu kwanza."

Bibi akampa meno yake kama mtoto anavyotoa kitu alichokatazwa.

"Tunaye dada hapa anayeogopa ukweli," akasema Kocha, na watu wakacheka.

Kisha sauti nyingine ikaingia kwenye kipaza sauti. Ilikuwa ya Baba Pacha, aliyekuwa ameitwa jukwaani tayari kwa ushuhuda wake. "Ni mke wangu," alisema. "Msimshangae. Kazi yake ni kutengeneza meno ya bandia. Miaka ishirini na saba nimelala na mtu ambaye riziki yake ni kuficha."

Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya siku hiyo. Mama Pacha alisubiri mpaka bibi akauma, akameza mate na kuitikia kwa kichwa kwamba yamekaa. Ndipo akanyanyua uso kuelekea jukwaani.

Kocha alikuwa anacheka pia, kichwa amekirusha nyuma. Taa ya jukwaani ilimwingia mdomoni moja kwa moja. Na Mama Pacha akaiona kazi yake.

Fundi wa meno kwa kawaida haoni watu, anaona plasta tu. Lakini meno ya mbele yana shida ya rangi, na kwa hayo daktari humpeleka mgonjwa chumba cha nyuma ili fundi alinganishe mwenyewe kwenye mwanga wa dirisha. Mwaka uliopita alikuja mtu mwenye kofia na barakoa, akavua barakoa kwa shingo upande, akaonyesha pengo la meno matatu juu. Alitaka awekewe meupe pe, yaliyonyooka kama vigae. Mama Pacha alikataa. Alimwambia meno ya namna hiyo yatapiga kelele kabla hajafungua mdomo. Akampa la katikati lililopinda kidogo, la pembeni fupi kwa unywele mmoja, na mkwaruzo mwembamba ambao aliuchonga kwa mkono, siku nzima, ili yafanane na ya mtu aliyekula na kuishi. Uso wa yule mtu ulikuwa umemtoka kabisa akilini. Yale meno angeyatambua hata akiwa usingizini.

Naye Kocha akamtambua. Kicheko kikakatika. Mkono ukaenda mdomoni wenyewe, kama ule wa bibi.

Ukumbi ukanyamaza, watu wakidhani ni mojawapo ya vile vituo vyake. Mama Pacha alikuwa na sentensi moja tu ulimini. Ilikuwa fupi na tamu. Angeitema, bango lile lingeanguka lenyewe ukutani, mumewe angeshuka jukwaani na ndevu zake, na yeye angekuwa na la kucheka kwa miaka kumi.

Akaimeza. Haikuwa huruma, huruma kwa mtu yule hakuwa nayo hata chembe. Ila kinywa cha mteja ni cha mteja. Hajawahi kumtaja mtu yeyote, hata kwa mumewe, hata kwa utani, na hakuona sababu ya kuanza kwa ajili ya mpumbavu mmoja.

"Endelea, Kocha," alisema. "Tunakusikiliza."

Kocha akashusha mkono. Akasema tupumzike dakika kumi.

Alimkuta Mama Pacha kwenye ujia, karibu na ngazi.

"Dada yangu," alisema, na asali yote ilikuwa imekauka. "Ile ni siri ya matibabu."

"Nimesema kitu?"

"Hapana. Nashukuru. Lakini lazima uelewe. Ningesimama mbele ya watu na pengo, nani angenisikiliza?"

Mama Pacha akamtazama kuanzia shati mpaka viatu. "Tangu asubuhi hilo ndilo neno la kweli la kwanza kutoka kwako. Basi na yule bibi naye anataka kusikilizwa. Anataka kula, na kumwita mjukuu wake kwa jina akaitika. Rudi ndani uwaambie wavae vitu vyao."

"Nitawaambiaje sasa, baada ya yote yale?"

"Wewe ndiye mwenye maneno. Mimi fundi tu."

Akarudi. Akasema, kwa sauti iliyopona haraka ajabu, kwamba hatua ya kwanza ni kuvua na hatua ya pili, ambayo wachache huifikia, ni kuchagua. "Vaeni sasa, lakini vaeni kwa kujua!" Watu wakapiga makofi makali kama yale ya kuvua, na wengine wakalia. Wigi zikarudi vichwani kwa heshima kubwa. Bwana wa viatu akapanda tena urefu wake. Mama Pacha alitazama jambo hilo akiwa amesimama mlangoni, na akakata kauli kwamba watu hawa wangeambiwa wasimame kwa vichwa, wangeuliza tu kwa dakika ngapi.

Walirudi nyumbani kwa miguu, yeye na mumewe. Wifi aliingia teksi bila kuaga. Jua lilikuwa bado kali. Baba Pacha alitembea kifua mbele.

"Umeona jinsi Kocha alivyobadilisha somo? Nadhani ushuhuda wangu ulimgusa."

"Lazima," alisema Mama Pacha, akajing'ata ulimi.

Walipofika, aliweka mkoba, akavua viatu, akakaa kwenye kiti cha jikoni. Alikuwa amechoka, na uchovu huo ndio uliomfanya aulize bila kejeli.

"Baba Pacha. Acha kusudi, acha mwanga. Wewe hasa unataka nini?"

Alisubiri ile pumzi ya puani. Haikuja. Baba Pacha alikuwa anaangalia sakafu.

"Nilitaka nisiende ofisini," alisema. "Basi."

"Kwa nini?"

"Masjala haipo. Waliingiza kila kitu kwenye kompyuta. Majalada wakayachukua na lori. Mimi wakaniacha na chumba, kwa kuwa hakuna aliyejua anipeleke wapi. Miaka miwili nimekaa kwenye chumba chenye rafu tupu. Nikifika nafungua dirisha. Saa kumi nafunga."

Mama Pacha akakumbuka miaka hiyo miwili: viatu vilivyopigwa rangi, mkoba kwapani, basi la saa moja. Jioni alimwuliza habari za kazi, na yeye akasema nzuri.

"Hukuniambia."

"Ungecheka."

Ilikuwa kweli. Angecheka. Angepata hata maneno yake: mlinzi wa vumbi, mkuu wa hewa. Yalikuwa yameshaanza kuja yenyewe hata sasa, akiwa amekaa pale, na aliyaona yanavyokuja kwa wepesi, na yalivyo mazuri, na kwa mara ya kwanza akayaonea haya.

"Ningecheka," alisema. "Kisha ningekuambia uache. Ile kazi ungeiacha siku ileile, bila Kocha na bila ndevu."

"Ndevu zina shida gani?"

"Usiniulize hilo leo. Leo najizuia. Ila wale watoto uwapigie simu."

Aliwapigia. Yule aliyekata simu alikata tena, na ilichukua mpaka mwaka uliofuata kabla hajaja nyumbani. Hata alipokuja, alimsalimu baba yake kama mtu anayemsalimu mkuu wa shule. Wifi alinuna miezi miwili. Kocha alihamia ukumbi mkubwa zaidi na semina mpya, na watu walimfuata.

Na Baba Pacha hakulipata kusudi lake. Mama Pacha hakushangaa. Mtu hawezi kupata kitu ambacho alikitaja tu kwa kuogopa kutaja kingine. Alijaribu kufuga kuku, akawachoka. Akasaidia kupanga vitabu vya shule ya jirani, akagombana na mwalimu mkuu. Alijifunza kupika maharage, na hayo aliyaweza.

Siku moja aliomba aende kuona chumba cha meno. Kwa miaka yote ile hakuwahi kuingia. Mkewe akamwekea stuli karibu na dirisha, akaendelea na kazi, akikwangua nta kidogokidogo kwenye taya la mtu. Baba Pacha akavitazama vinywa vya plasta kwenye rafu. Akauliza maswali mawili. Akatazama tena. Ilipita nusu saa.

"Mama Pacha," alisema, "nikuambie kweli?"

"Sema."

"Hii kazi inachosha macho. Mimi nakwenda zangu."

Mama Pacha akacheka, kicheko cha zamani, cha tumboni. "Nenda," alisema. "Na upite sokoni, nyanya zimekwisha."

Akaenda. Yeye akainamisha taa, akalirudia lile taya, maana jino la upande wa kushoto lilikuwa bado limezidi kidogo.